Herufi Kubwa Si za Wazee Peke Yao

Ukisimama nusu saa karibu na kibanda cha wakala wa fedha, katika mji wo wote wa nchi yetu, utaona jambo hili. Anakuja mama wa makamo, simu yake ameifunga katika pembe ya khanga. Ametumiwa fedha na mwanawe, naye ataka kuzitoa. Anaishika simu, anaisogeza mbali na uso, anairudisha karibu, anakunja kipaji. Mwisho anampa kijana aliye nyuma yake: "Mwanangu, hebu nisomee." Kijana anasoma kwa sauti, na watu wote waliopanga mstari wanajua sasa mama huyu ana shilingi ngapi. Kisha yanakuja maneno mabaya kuliko hayo: "Namba yako ya siri ni ngapi, mama?" Naye anaitaja.

Wengine humtajia mjukuu, wengine jirani, wengine wakala mwenyewe. Mara nyingi haliharibiki neno, maana watu waaminifu bado wako wengi. Lakini siku fedha zikipungua, nani ataulizwa? Bibi ataona haya kumshuku mjukuu wake. Mjukuu ambaye hakuchukua hata senti ataona uchungu kushukiwa. Na nyumba iliyokuwa na amani jana itaanza kunong'onezana. Na chanzo cha yote si wizi, wala si ujinga. Mama huyu alikwenda shule, anajua kusoma barabara, na kitabu chake cha nyimbo chenye herufi nene hakimshindi. Chanzo ni kwamba herufi za simu ni ndogo kuliko macho yake yawezavyo, wala hapana mtu aliyemwambia kwamba zaweza kukuzwa, bila gharama, kwa muda usiotosha kuchemsha chai.

Ndiyo sababu nataka tuzungumze leo, wasomaji wapenzi, juu ya sehemu ya simu ambayo wengi wetu tunayo mfukoni lakini hatujaifungua tangu tuinunue.

Katika kila simu ya kioo, na katika kila kompyuta, mna mahali paitwapo mipangilio. Wengi wapajua, maana ndipo tubadilishapo mlio wa simu. Humo ndani mna sehemu moja ambayo kwa Kiswahili huitwa ufikivu, na katika simu iliyowekwa Kiingereza huandikwa Accessibility. Aghalabu alama yake ni umbo la mtu aliyenyosha mikono. Neno ufikivu ni geni masikioni, nami sipendi sana sura yake, lakini maana yake ni njema: hali ya kitu kuweza kufikiwa na kila mtu. Sehemu hiyo hubadilisha ukubwa wa maandishi, rangi, nuru, sauti, na namna simu inavyoitikia vidole vyako.

Kwa nini basi watu huipita? Kwa sababu wameambiwa, au wamejidhania wenyewe, kwamba ni ya watu wenye ulemavu tu. Mtu mwenye miaka 45 hapendi kuingia mahali palipoandikwa hivyo, ajiona mzima. Kumbe Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa. Tena hao si wote wenye haja. Mwaka 2003 kampuni ya Microsoft iliagiza utafiti ufanywe huko Marekani na kampuni ya Forrester, kwa watu wazima wenye umri wa kufanya kazi. Ulionyesha kwamba asilimia 57 ya watumiaji wa kompyuta wangefaidika na zana za namna hii kwa sababu ya upungufu fulani wa macho, masikio, mikono au mengineyo, mdogo au mkubwa. Ni zaidi ya nusu! Na wengi wao hawakujihesabu kuwa na ulemavu wo wote.

VITU VINGI VILIANZA HIVI

Si mara ya kwanza kwa kitu kilichofanywa kwa ajili ya wachache kuwa chombo cha wote. Chukueni mashine ya kupiga chapa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa fahari ya kila ofisi. Mojawapo ya mashine za kwanza kabisa za namna hiyo iliundwa na Mtaliano Pellegrino Turri mwanzoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya rafiki yake asiyeona, Bibi Carolina Fantoni, ili aweze kuandika barua zake mwenyewe bila kumtajia mtu mwingine maneno yake. Mashine yenyewe imepotea, lakini barua alizozipiga zimehifadhiwa, na ya zamani kabisa ni ya mwaka 1808. Angalieni haja ya bibi huyo: alitaka siri yake iwe yake. Ndiyo haja ile ile ya mama wa kwa wakala.

Bwana Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya uvumbuzi wa simu mwaka 1876, alikuwa mwalimu wa viziwi. Mama yake alikuwa mzito wa kusikia, na mke wake alikuwa kiziwi. Miaka 100 baadaye, mwaka 1976, Mmarekani Ray Kurzweil alionyesha mashine ya kuwasomea vitabu watu wasioona. Ili mashine iweze kusoma ilibidi kwanza iupige picha ukurasa na kuzitambua herufi za kila namna ya chapa. Karani anayeweka cheti juu ya kioo cha skana na kukipeleka katika kompyuta anatumia mali ya ukoo huo, ingawa hana habari.

Lakini kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha maandishi yanayopita chini ya picha za televisheni. Huko Marekani yalianza mwaka 1980 kwa ajili ya viziwi, na ili kuyaona ilikupasa ununue kisanduku cha peke yake ukiunge na televisheni. Walionunua hawakuwa wengi, maana kisanduku kilikuwa ghali. Mwaka 1990 ikatungwa sheria kwamba kila televisheni yenye kioo cha inchi 13 au zaidi iuzwe ikiwa na uwezo huo ndani yake, kuanzia mwaka 1993. Basi ghafula kila nyumba ikawa nayo. Wakayatumia wageni waliojifunza Kiingereza, wenye mikahawa yenye makelele, na wazazi wenye mtoto aliyelala. Kisanduku kilipokuwa cha viziwi kilikuwa mzigo. Kilipowekwa ndani ya chombo cha kila mtu, hakuna aliyekumbuka tena kilikuwa cha nani.

Simu zetu zimekwisha pita hatua hiyo. Kisanduku kimo ndani tayari. Kilichobaki ni kukifungua.

MACHO

Tuanze na macho, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu anapofikia miaka 40 hivi, kilenzi kilichomo ndani ya jicho huanza kuwa kigumu, wala hakijikunji tena upesi ili kuona vitu vya karibu. Haya huwapata watu wote, waliosoma na wasiosoma, na dawa yake ni miwani ya kusomea. Lakini miwani husahaulika nyumbani, huvunjika, na wengine bado hawajaipata. Basi fungua mipangilio, ingia ufikivu, utafute ukubwa wa maandishi. Utaona mstari wenye kidude cha kusukuma. Kisukume kuelekea kulia, na herufi zitakua mbele ya macho yako. Katika simu nyingi mna mstari wa pili unaokuza vitu vyote, si herufi tu, hata vile vitufe vya kubonyeza. Wenye vidole vinene, mafundi na wakulima, watashukuru huo wa pili kuliko wa kwanza.

Ukiisha kufanya hivyo, ujumbe wa simu utakuwa mkubwa, na majina ya watu, na hata ile menyu ya fedha inayotokea ukipiga nyota na namba. Programu chache hazitii. Herufi zake hubaki kama zilivyokuwa, au maneno hukatika pembeni. Hilo ni kosa la walioziunda, si lako.

Kwa zile zisizotii iko lenzi. Ukiiwasha humo humo katika ufikivu, waweza kugonga kioo mara tatu upesi katika simu nyingi za Android, na mahali ulipogonga patakua kama umepaweka chini ya kioo cha kukuzia. Katika iPhone hugonga kwa vidole vitatu, mara mbili. Katika kompyuta ya Windows bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na alama ya kujumlisha. Kuiondoa, bonyeza dirisha pamoja na Esc. Na unaposoma habari za intaneti katika kompyuta, Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza ukurasa, Ctrl na sifuri huurudisha. Mwalimu anayeonyesha darasa somo kutoka kompyuta moja, watoto 60 wakiwa mbele yake, asisahau jambo hili. Mtoto wa benchi la nyuma asiyeona vizuri huhesabiwa mzito wa akili, kumbe hajaona herufi hata moja tangu saa mbili asubuhi.

Iko pia mipango ya rangi na nuru. Maandishi yaliyokolezwa weusi husomeka juani, pale ambapo kioo cha kawaida hugeuka kuwa kama bati la nyumba. Dereva wa bodaboda na mama wa sokoni wanajua ninachosema. Kwa upande wa pili, kuna mpango wa kuishusha nuru chini ya kiwango cha kawaida. Uliwekwa kwa watu ambao mwanga huwaumiza macho au kichwa. Lakini mama anayenyonyesha saa nane za usiku, akitaka kutazama saa bila kumwamsha mtoto na baba yake, ataupenda. Rangi nazo zaweza kurekebishwa kwa wale wasiotofautisha nyekundu na kijani, ambao wengi wao ni wanaume, na baadhi yao hawajui kwamba wako hivyo hata uzeeni.

MASIKIO

Hapa nitataja jambo moja dogo ambalo vijana watalipenda. Muziki na sauti za picha hupelekwa katika njia mbili, moja kwa sikio la kushoto, moja kwa la kulia. Mtu aliye kiziwi wa sikio moja hukosa nusu ya mambo. Kwa ajili yake uliwekwa mpango wa kuziunganisha njia hizo ziwe moja, uitwao sauti ya mono. Sasa niambieni, ni vijana wangapi wana hedifoni ambayo upande mmoja umekufa? Wengi. Wawashe mpango huo, na upande uliobaki utawapa sauti yote, mpaka wapate fedha ya kununua nyingine.

Hali kadhalika uko mpango wa kuwasha taa ya kamera simu inapoita. Katika iPhone upo tangu zamani, na katika simu nyingi za Android umekuja baadaye. Ulifanywa kwa viziwi. Lakini fundi seremala mwenye msumeno unaonguruma hasikii simu kuliko kiziwi, na mtu aliye mkutanoni au ibadani aweza kuzima mlio asipitwe na habari ya mgonjwa aliyemwacha nyumbani. (Aiweke simu kifudifudi mezani, si kuilenga mbele kama tochi.)

Kuandika kwa kusema ni zawadi nyingine. Kibodi ya Google ina alama ya maikrofoni. Ukiigusa, ukasema, maneno yako yanaandikwa. Tangu mwaka 2017 inaelewa Kiswahili. Mzee ambaye vidole vyake vinatetemeka, au mtu ambaye kuandika kunamchosha, aweza sasa kutuma barua nzima. Majina ya watu huyakosea mara nyingi, kwa hiyo soma kabla hujatuma. Upande wa kinyume pia upo: mwaka 2019 Google ilitoa programu iandikayo maneno ya anayesema mbele yako, ili kiziwi ayasome. Mmoja wa walioianzisha, Dimitri Kanevsky, ni mtaalamu aliyekuwa kiziwi tangu utotoni. Na simu yaweza pia kukusomea maandishi kwa sauti. Sauti ya Kiswahili imo, ijapokuwa hutamka majina ya vijiji vyetu kama mgeni aliyeshuka melini jana. Kwa kusikiliza habari ukiwa unachambua mchele, yatosha.

MIKONO, NA VYOMBO VILIVYOHARIBIKA

Wako watu wasioweza kubonyeza kitufe cha ubavuni mwa simu, kwa sababu mkono umepooza au vidole vimekakamaa. Kwao iliwekwa menyu inayoelea juu ya kioo, yenye vitufe vikubwa vya kufunga kioo, kuongeza na kupunguza sauti, na kadhalika. Sasa, simu zetu nyingi ni za mkono wa pili au wa tatu, na kitu cha kwanza kufa ni kitufe cha kuwashia. Wenye iPhone kuukuu waliijua menyu hii zamani; waite AssistiveTouch au wasijue jina lake, ndiyo ile duara inayotembea kiooni. Wenye Android wengi hawajui kwamba nao wanayo, wakatoa fedha nyingi kwa kitufe ambacho wangeweza kukaa bila hicho mwaka mzima.

Katika kompyuta mambo ni hayo hayo. Chuo Kikuu cha Wisconsin, huko Marekani, kilikuwa na kituo kiitwacho Trace, chini ya Profesa Gregg Vanderheiden, ambako ziliundwa njia za kumwezesha mtu mwenye mkono mmoja, au kidole kimoja, au anayeandika kwa kijiti alichoshika kinywani, atumie kibodi. Microsoft ilizichukua, na tangu Windows 95 zimo ndani ya mashine yenyewe. Moja hufanya kitufe cha Shift au Ctrl kibaki kana kwamba kimeshikiliwa, ukabonyeza kingine baada yake. Mama anayeandika huku amepakata mtoto anaihitaji, na mtu aliyefungwa plasta, na karani ambaye mkono mmoja umeshika daftari.

Nyingine huleta kibodi nzima juu ya skrini: dirisha, Ctrl na O pamoja. Nyingine hugeuza namba za kulia kuwa kipanya: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock pamoja, na baada ya hapo 8 hupandisha mshale, 2 huushusha, 4 na 6 huupeleka pembeni, na 5 hubofya. Shule iliyopewa kompyuta kuukuu kama msaada, ambayo kipanya kimeliwa na panya wa kweli, isiziweke stoo kwa sababu hiyo.

UGONJWA USIO UGONJWA

Lakini mipango hii, asiyeijua humtisha. Siku moja simu inaanza kusema peke yake. Ukigusa kitu hakifunguki, kinazungukwa na mstari wa rangi na sauti inakitaja jina. Ukivuta ukurasa hauendi. Watu husema imeingia virusi, wengine wamesema makubwa zaidi ya hayo. Kijana mmoja jirani yetu aliipeleka simu ya namna hiyo kwa fundi. Fundi akafuta kila kitu kilichokuwamo na kumtoza ujira. Picha za mazishi ya baba yake zilikuwa humo, wala hazikuwa mahali pengine.

Simu ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa imewashwa kisomaji cha skrini, kiitwacho TalkBack katika Android na VoiceOver katika iPhone, ambacho watu wasioona hukitumia kuishi na simu siku nzima, kwa ustadi wa kushangaza. Kiliwashwa kwa kushikilia vitufe viwili vya sauti pamoja kwa sekunde tatu hivi, jambo linalotokea mfukoni kwa urahisi. Kukizima ni vivyo hivyo: shikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja. Ikiwa haisikii, kumbuka sheria yake: gusa mara moja ili uchague, gonga mara mbili upesi ili ufungue, na katika Android vuta ukurasa kwa vidole viwili, si kimoja. Kwa njia hiyo utafika mwenyewe mpaka kwenye ufikivu na kukizima. Katika iPhone nyingi njia ya mkato ni kubonyeza kitufe cha ubavuni mara tatu. Zile za zamani, kitufe cha duara.

Kompyuta nazo zina homa yao. Ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kinatokea kisanduku kinachouliza kama wataka vitufe vinavyoshika. Mtu mwenye haraka hujibu ndiyo, na kuanzia hapo herufi zinakwenda kombo. Bonyeza Shift na herufi yo yote kwa pamoja, nayo kwa kawaida huzimika. Na ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane, kibodi huweza kuwekwa katika hali ya kupuuza miguso ya haraka, iliyokusudiwa watu ambao mikono hutetemeka. Asiyejua husema kibodi imekufa. Kabla ya kumwita fundi, tazama kwanza humo.

SISI TUNAOANDIKA MATANGAZO

Kazi si ya mwenye simu peke yake. Sisi wenye kuandika matangazo ya vikundi, vyama, shule na vikao vya harusi tumezoea kupiga picha ya karatasi na kuitupa katika kikundi cha WhatsApp. Ni rahisi kwetu. Lakini herufi zilizo ndani ya picha hazikui mtu anapokuza maandishi ya simu yake, na kisomaji cha mtu asiyeona mara nyingi hupita juu yake na kusema tu kwamba ni picha. Basi tuandike maneno yenyewe katika ujumbe, hata kama picha itafuata. Tena tusiseme "walioandikwa kwa wino mwekundu hawajalipa". Tuandike "hajalipa" mbele ya jina.

Jambo hili si hisani tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika kifungu chake cha 9 unataja habari na mawasiliano sambamba na barabara na majengo. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Sharti niseme pia yasiyofaa. Simu ndogo za vitufe, tunazoziita vitochi, zina machache sana ya haya, na menyu ya fedha hukatika mtu asomaye polepole akiwa bado hajafika mstari wa mwisho. Ni dhuluma ndogo inayorudiwa kila siku, na wenye makampuni wangeweza kuirekebisha. Pili, mtu anayetumia kisomaji cha sauti kwa wakala avae hedifoni, la sivyo simu itatangaza mwenyewe salio lake, tena kwa sauti kubwa kuliko yule kijana.

La tatu ndilo la hatari. Kwa kuwa ufikivu huipa programu uwezo wa kusoma kioo na kubonyeza kwa niaba yako, wezi wa mitandao huutamani uwezo huo. Ukipakua programu ya mikopo au ya michezo, ikakuomba uiruhusu katika ufikivu, jiulize: ya nini? Programu ya kamari haina haja ya kukusomea kioo. Kataa, uifute. Ruhusa hiyo wapewe wasomaji wa skrini na vitu vya namna hiyo unavyovijua, vilivyokuja na simu au vilivyopendekezwa na mtu unayemwamini.

Kwa mama zetu na baba zetu, basi, fanyeni hivi mkiwatembelea. Msiichukue simu na kuibadilisha mkiwa mmewapa kisogo, maana kesho hawataitambua. Kaeni nao ubavuni, mwangani. Waacheni wasukume kile kidude kwa kidole chao wenyewe, polepole, huku wakiutazama ujumbe wanaoujua. Mzee akisema, "Hapo," simameni hapo hapo, hata kama kwenu zaonekana kubwa mno. Halafu mwulize kama angependa kubadilisha namba yake ya siri, ninyi mkiwa mmetoka nje.